Kutembea na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimenyang'anywa lori. Msimamizi hakuniangalia usoni aliponiambia. Alikuwa anakaza kifuniko cha chupa ya maji ambacho kilikuwa kimeshakazwa. "Si mimi," akasema. "Ni zahanati."

Zahanati ya kampuni iko nyuma ya gereji, chumba kimoja chenye kitanda, mizani na muuguzi asiyecheka. Ijumaa alinipima presha, akasubiri, akanipima tena kama mtu asiyeiamini mashine yake. Akanitoboa kidole, akapima sukari. Akanipandisha kwenye mizani, sindano ikakimbia mpaka ikagonga ukingo.

"Usiku unakoroma?"

"Mke wangu anasema ni kama lori limeingia chumbani."

"Na mchana unasinzia?"

Nikakitupia jicho kile kitanda.

"Basi hushiki usukani mpaka mvua ziishe," akasema. "Nitakupima tena mwezi wa sita. Ukiwa hivi ulivyo, huushiki tena."

"Si umenipa dawa?"

"Dawa itafanya kazi yake, na wewe ufanye yako. Tembea kila siku. Halafu uwe unaandika, maana nyinyi madereva mnajua sana kusahau."

Ndiyo maana naandika. Nimeendesha malori ya masafa marefu tangu ujana. Kitambi changu kinagusa usukani, na miaka yote hiyo nilikiona ni heshima. Makuli wananiita Bosi kwa sababu yake, wala sijawahi kumkataza mtu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepangiwa ghalani. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti na kuangalia maboksi yakiingia. Nimetolewa kiti kimoja nikawekwa kingine.

Jumatano, 6 Machi

Nimetembea hadi kona ya duka la dawa. Nimerudi kwa pikipiki. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu ametoa amri. Mama yake anaishi nasi tangu mwaka jana alipopata kiharusi. Kilikuwa chepesi, lakini mguu wa kushoto anauburura. Daktari wake naye alimwambia atembee, naye hatembei. Anakaa kwenye kiti cha mlangoni na fimbo yake, anasahihisha makosa ya watangazaji wa redio. Alikuwa mwalimu mkuu, na ukuu haujastaafu.

"Nina wagonjwa wawili humu ndani," akasema mke wangu, bado ana mafurushi ya vitambaa anavyouza sokoni. "Wote mmeambiwa mtembee, na wote mmekaa mnatazamana kama picha za ukutani. Kuanzia kesho mnatoka pamoja."

"Mimi na mama? Barabarani? Watu watasema nini?"

"Watasema mnatembea."

Tangu nimwoe binti yake, sijakaa na mama mkwe chumba kimoja zaidi ya muda wa salamu. Heshima ni kitu kizuri, inafunika mengi. Siku ya posa aliuliza swali moja tu mbele ya wazee wangu: "Kwa nini dereva?" Hakuna aliyemjibu, na mimi sijalisahau mpaka leo.

Jumapili, 10 Machi

Tumetoka. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma hatua kadhaa. Mtu angeona ni adabu ya mkwe. Ukweli ni kwamba nilishindwa kumfikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu mpaka duka la dawa. Pale akasimama, akageuka. "Mkwe, unapumua kama mvukuto wa mhunzi."

"Ndiyo, mama."

Tukarudi.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Tumefika konani hivyo hivyo, chini ya miavuli miwili. Amesema, "Leo afadhali." Sikujua anasema mvua au anasema mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Magoti.

Jumatano, 20 Machi

Nimempelekea muuguzi malalamiko ya magoti. Ameangalia viatu vyangu, kandambili za chooni, akatikisa kichwa. Nimeambiwa ninunue raba, nipunguze mwendo, nisiache. Halafu akanipa kanuni: nitembee mwendo ambao bado naweza kuongea. Nikishindwa kuongea, nipunguze. Nikiweza kuimba, niongeze.

Niongee na nani? Na mama mkwe?

Jioni nikamweleza kanuni hiyo, maana kukaa kimya ingekuwa kumdanganya muuguzi. Akapiga hatua kadhaa na fimbo yake. Kisha akauliza, "Ule mto mkubwa unaouvuka ukielekea mpakani, maji yake yana rangi gani mvua zikianza?"

"Ya chai ya maziwa, mama. Ila ukifika kati ya daraja, upande mmoja ni meusi, kwa sababu kuna mto mwingine unaingilia hapo, na maji yake yanakataa kuchanganyika mpaka mbele sana."

Akasimama katikati ya barabara. "Yanakataa kuchanganyika?"

"Yanakataa kabisa."

"Nimefundisha jiografia maisha yangu yote," akasema. "Huo mto nimeuchora ubaoni mpaka chaki zikaisha. Sijawahi kuuona."

Tulipita duka la dawa bila kulitambua. Tukajikuta mbele ya shule.

Jumatano, 27 Machi

Mvua haikatiki tangu juzi. Nimemwomba msimamizi ruhusa, akakubali: makuli wakimaliza kazi, mama mkwe analetwa kwa teksi, tunatembea ndani ya ghala, kati ya safu za maboksi, huku bati linanguruma juu yetu. Kuli mmoja tunayemwita Mrefu alituona akapiga kelele, "Treni ya mizigo hiyo, pisheni!" Mama mkwe akamwita, akamsimamisha kando, akamuuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Sasa Mrefu anatusalimia akiwa ameshika kofia mkononi.

Nimemsimulia milima ya kaskazini na zile kona ambazo lori refu linaona taa zake lenyewe za nyuma. Nimeongeza chumvi kidogo. Amejua nimeongeza, akaniachia.

Jumatano, 3 Aprili

Soda zimetoweka nyumbani. Vya kukaanga navyo vimetoweka. Sahani yangu imebadilishwa na ndogo, halafu nusu yake ni majani. Nilipouliza, mke wangu akasema muuguzi amempigia simu: eti miguu peke yake haiwezi kushindana na sahani. Wanawake hawa wamejuana lini?

Ijumaa, 5 Aprili

Tumefika shule na kurudi. Mvua ya rasharasha. Magoti yamenyamaza.

Alhamisi, 11 Aprili

Muuguzi yuko likizo, mlango wa zahanati uko wazi kwa ajili ya msafishaji. Nimeingia, nimevua viatu, nimevua mkanda, nimetoa hata funguo mfukoni. Nimepanda mizani.

Sindano iko pale pale.

Mwezi mzima! Raba zimeloa zikakauka zikaloa tena. Nimekula majani kama mbuzi. Nimeitwa treni ya mizigo. Na ile sindano imekaa pale inaniangalia kama haijawahi kuniona. Nikaenda kibandani ng'ambo ya barabara, nikanunua soda mbili na vya kukaanga, nikala peke yangu ndani ya lori la mtu mwingine, dirisha nimepandisha. Kiti kilinipokea kama mtoto wa nyumbani.

Sitembei tena. Mungu aliyeumba wembamba ndiye aliyeumba wanene.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 13 Aprili

Sikutoka. Mama mkwe amevaa viatu tangu saa kumi, amekaa kwenye kiti cha mlangoni. Nimejifanya nimelala.

Jumatatu, 15 Aprili

Sikutoka. Amevaa viatu tena. Hajaniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumanne, 16 Aprili

Niandike yote kabla sijabadilisha nguo.

Niliporudi kutoka ghalani, kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Fimbo haipo, mwavuli haupo. Nikaita, "Mama!" Nikaangalia chumbani kwake, hayupo. Nje ilikuwa mvua ya kumwaga ndoo. Nikampigia mke wangu, simu haipatikani. Nikatoka bila koti.

Duka la dawa hawajamwona. Mlinzi wa shule akasema amempita, ameelekea chini. Nyumba yetu iko juu, na kupita shule barabara inateremka mpaka kwenye daraja dogo. Mimi na yeye hatukuwahi kuteremka huko. Wahenga wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwetu sisi ilikuwa kinyume, kushuka si kitu, kurudi ndiyo ngoma.

Nikakimbia. Naandika mara ya pili ili niamini: nilikimbia. Tumbo lilikuwa linakwenda njia yake na mimi yangu, lakini miguu ilikubali.

Nilimkuta karibu na daraja, kwenye banda la fundi baiskeli, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kiatu kimoja hakipo. Matope yamefika magotini. Mwavuli wake bado umefunguliwa, ameushika wima kama yuko gwaride.

"Umechelewa," akasema.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Mguu umegoma. Haukuvunjika, umegoma tu, kama mwanafunzi."

Nikatafuta pikipiki. Fundi baiskeli akacheka, akanionyesha barabara, maji ya matope yanateremka kama mfereji. "Pikipiki gani ipande hapo? Teksi ndizo hazithubutu kabisa." Akajikuna kichwa. "Ila nina mkokoteni. Utanirudishia kesho."

"Mkokoteni?" mama mkwe akasema. "Mimi? Mtaa mzima unaniangalia?"

"Mama, kwa mvua hii mtaa mzima umejifungia ndani."

Akafikiri. "Tandikeni kitu."

Fundi akatandika gunia. Ikabaki kumpandisha. Miaka yote hii sijawahi kumshika hata mkono. Nikamwomba radhi, nikageuzia uso pembeni, nikamnyanyua. Ni mwepesi kama kapu tupu. Sikujua. Mtu niliyemwogopa hivyo nilidhani ana uzito mkubwa.

Nikaanza kusukuma.

"Taratibu. Mimi si saruji."

Mtaa haukuwa umejifungia ndani hata kidogo. Walichungulia madirishani, wakatoka barazani. Watoto wakapiga kelele, "Mwalimu amepanda gari!" Yeye akawanyooshea fimbo: "Rudini ndani, mtalowa!" Wakarudi kweli.

Tulipofika sehemu yenye mwinuko mkali, pale kwenye tangi la maji, watu wakaisha, tukabaki sisi na mvua. Alikuwa amenipa mgongo, anaangalia mbele. Nadhani ndiyo maana aliweza kusema.

"Baba wa mke wako alikuwa dereva."

"Najua, mama."

"Unajua alikufa. Hujui alivyokufa." Akashika ukingo wa mkokoteni mpaka gurudumu likapita jiwe. "Alikuwa mnene, mcheshi, kama wewe. Watu walinipa hongera, 'Unamtunza mumeo.' Kila akirudi safari nilimjazia sahani mpaka inamwagika. Kile kitambi chake nilikiona ni kazi ya mikono yangu. Akitoka kwenye gari anakaa, akitoka kwenye kiti analala, akiamka anarudi kwenye gari. Siku hiyo gari lilikutwa limesimama pembeni ya barabara, injini inawaka. Watu walipita wakidhani amelala. Mke wako alikuwa darasa la tatu."

Nilisukuma.

"Siku ya posa ulipoingia mlangoni ulikuwa unacheka, na shati limeshaanza kukubana. Nikamwona yeye. Mimi sikukukataa wewe, mkwe. Nilikikataa kile kiti."

Maji yalikuwa yananiteremka usoni, na si ya mvua yote. "Mama," nikasema, "kesho tutatoka. Na keshokutwa. Mguu wako ukigoma, tunakuja na mkokoteni. Mimi sitakufa nimekaa."

Akageuka, akaniangalia. "Umenijibu."

"Ndiyo."

"Uko kwenye mlima, unasukuma mtu, na umenijibu sentensi nne bila kukata pumzi. Ile kanuni ya muuguzi wako ilisemaje?"

Nikasimama. Nikashika mkokoteni kwa nguvu usirudi nyuma, nikasikiliza kifua changu. Kilikuwa kinafanya kazi, ndiyo, lakini kazi ya mtu anayeijua kazi. Mwezi uliopita nilishindwa kurudi kwa miguu kutoka duka la dawa.

"Sukuma," akasema mama mkwe. "Nalowa."

Jumatano, 17 Aprili

Mama mkwe amelala kutwa, hana homa. Mke wangu ametugombeza wote wawili kwa zamu, halafu akatukumbatia wote wawili kwa zamu. Nimerudisha mkokoteni. Fundi baiskeli alikuwa amekiokota kile kiatu.

Ijumaa, 19 Aprili

Muuguzi amerudi. Nilimwambia yote, sindano, soda, mpaka kujifungia kwenye lori. Nilitegemea kugombezwa. Akavuta kiti.

"Nani alikwambia mizani ndiyo hakimu? Mizani inapima kila kitu kwa pamoja: mafuta, misuli, maji, mpaka hasira uliyopanda nayo. Haijui mishipa yako inafanya nini." Akanifunga ule mkanda mkononi, akapampu, akaangalia. Akapima tena. "Imeshuka."

"Kwa dawa?"

"Kwa dawa, kwa miguu na kwa sahani. Mimi nitajuaje nani kafanya zaidi? Wewe endelea na zote." Akachukua futi, akanizungushia kiunoni. Hapo pia nimepungua. Kidogo, lakini nilishaona mkanda wa suruali umeanza kuhamia tundu jingine, nikadhani ngozi imelegea kwa mvua.

"Sikiliza," akasema. "Kuna watu wanatembea na uzito unashuka polepole sana. Wengine haushuki wanavyotaka. Lakini moyo unaimarika, sukari inapata pa kwenda, usingizi unakuja. Mtu mnene anayetembea na mtu mnene anayekaa si wamoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alicheka. Muuguzi ana mwanya. Nani angejua?

Jumatatu, 22 Aprili

Tumetoka. Konani tu, mwendo wa mguu wake. Amesema keshokutwa shule.

Jumanne, 30 Aprili

Mafuriko upande wa sokoni, mke wangu hakwenda kazini. Ametembea nasi ghalani. Mzunguko wa tatu akaomba kukaa. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, umekaa kama picha ya ukutani." Nimecheka mpaka Mrefu akaja kuuliza kuna nini.

Jumatano, 8 Mei

Tangu juzi mke wangu anasema halisikii tena lori chumbani. Anasikia pikipiki.

Jumatano, 15 Mei

Shule. Rasharasha.

Jumamosi, 18 Mei

Tumeteremka mpaka darajani kwa miguu yetu, makusudi. Fundi baiskeli ametupa vigoda. Tumepumzika, tukarudi. Pale kwenye tangi mguu wake ulianza kununa, akanipa mkono wake bila kuniangalia, mimi nikaupokea bila kumwangalia, tukapanda. Juu kabisa akauachia, akapanga shali lake, akasema, "Haya, simulia. Ulikuwa umefika jangwani."

Ijumaa, 31 Mei

Leo jua kutwa nzima. Barabara imekauka juu, chini bado tope. Nimeshindwa kula, na safari hii si kwa sababu ya majani. Jumatatu napimwa. Nimemuuliza mama mkwe, ikiwa nitafeli? Akajibu kwamba miaka yake yote ya ualimu hajaona mtihani ulioisha siku moja.

Jumatatu, 3 Juni

Presha nzuri. Sukari imeshuka mpaka muuguzi akainua nyusi. Sindano ya mizani haigongi tena ukingo. Imesogea kidogo tu, zamani ningeona aibu, lakini sasa sijali. Bado mimi ni mnene. Naandika bila hasira: bado mimi ni mnene, na ninaweza kupanda mlima nikiongea.

"Nakuruhusu," muuguzi akasema. "Kila mwezi unarudi hapa. Na kila ukisimamisha gari, unashuka na kutembea. Siku nikisikia umeacha, nakuja kuchukua funguo mwenyewe."

Msimamizi amenipa njia ya kaskazini. Mke wangu amelia, amecheka, amenifungia matunda. Nikaenda kumuaga mama mkwe. "Nitatembea na nani?" akauliza. Kabla sijajibu, mke wangu akaingia akiwa amevaa raba mpya. Mama mkwe akaziangalia juu mpaka chini. "Huyu anapumua vibaya kuliko wewe," akasema. "Nenda salama, baba."

Hajawahi kuniita baba.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa kwenye kituo cha kupimia malori, karibu na mpaka. Foleni ni ndefu, mbele sioni mwisho wala nyuma. Kila dereva amekaa ndani, mguu uko kwenye dashibodi, anasubiri zamu yake.

Nikashuka. Nikatembea kandokando ya foleni mpaka kwenye lango, nikageuka, nikarudi. Jua lilikuwa limeanza kulegea, upepo mzuri. Mara ya pili nilipopita, dereva wa lori jekundu akatoa kichwa dirishani. Mtu mkubwa kama mimi, pengine kunizidi, jasho linamtoka hata akiwa amekaa.

"Mzee, umeharibikiwa?"

"Hapana."

"Mbona unahangaika? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Natembea tu."

Akacheka sana, akawaita wenzake waje kuniona. Wakacheka nao. Nikawapungia mkono, nikaendelea. Niligeuka langoni, nikarudi. Safari hii hakucheka. Alikuwa ameegemeza kidevu dirishani, ananifuata kwa macho.

"Na inasaidia?" akaniuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie.

"Mimi imenirudisha barabarani."

Akaangalia foleni ya mbele. Akaangalia tumbo lake. Kisha mlango ukafunguka, akaanza kushuka kinyumenyume, ameshika mlango kwa mikono miwili, mguu unatafuta ngazi ilipo. Alipogusa chini alikuwa anahema kama amebeba gunia.

Nilipunguza mwendo, nikamwachia upande wenye kivuli, tukaanza kutembea.